Aliyeuawa Ukurasa wa Mwisho

Ahadi ile Fundi aliipokea akiwa amepiga magoti, pini zimebanwa kati ya midomo, mikono yote miwili imeshika pindo la suruali ya mwanamume aliyempenda. Hakuweza kujibu. Mtu mwenye pini mdomoni hana ila kuguna, na Mwandishi, aliyelijua hilo fika, alikuwa na desturi ya kuyachagulia mambo yake mazito nyakati kama hizo.

"Leo namwambia," alisema, akijitazama kwenye kioo cha chumba cha maleba. "Mama anakuja. Nimemwekea kiti safu ya pili. Usomaji ukiisha, wakati wa maswali, nitakuita usimame, niseme: mama, huyu ndiye. Mbele za watu hatakuwa na la kusema."

Fundi alizitoa pini akazirudisha kwenye kimto chake.

"Kwa nini mbele za watu? Kwa nini si sebuleni kwenu, kama wanavyofanya wenzako?"

"Unamjua mama."

"Namjua sana. Nilimpimia mapazia."

Mwandishi aliukunja uso. Kisa cha mapazia hakupenda kukumbushwa, ingawa zamani walikicheka pamoja. Alikuwa amempeleka Fundi nyumbani kwao kumtambulisha, wote wawili wamevaa nguo za heshima, na mama alipofungua mlango na kuuliza, "Huyu nani?" kijana alipatwa na kigugumizi, kisha ulimi ukamponyoka: "Fundi wa mapazia." Basi Fundi akatoa tepu mkobani akapima madirisha ya nyumba nzima, hata la bafuni. Mapazia akayashona. Mama akayapenda. Akamsifu kwamba mkono wake umenyooka, akampa chai akiwa amesimama jikoni, maana viti vya sebuleni vilikuwa vya wageni. Siku ile Fundi alicheka kwa sababu alipenda, na anayependa huweza kucheka karibu lolote. Kicheko hicho hakikudumu.

Sababu ya kigugumizi ilijulikana na wote wawili, wala haikuwa ndogo. Mji wao ulikatwa na reli, na miaka ile ya ugomvi watu wa pande mbili walivukiana kwa mapanga. Mdogo wake mama, kitinda mimba wao, alitoka kununua mkate na hakurudi. Tangu hapo mama alikula kiapo: mtu wa ng'ambo ya reli hataketi kwake. Fundi alizaliwa ng'ambo ya reli. Siku ambayo mdogo wake mama hakurudi, yeye alikuwa mtoto wa shule, na duka la baba yake liliteketea juma lilelile. Hilo hakuna aliyemuuliza.

"Unaniamini?" Mwandishi aliuliza, akamshika kidevu kwa vidole viwili.

Alikuwa na macho mazuri, Mungu amsamehe. Macho yaliyolegea pembeni, yanayomtazama mtu kana kwamba hapajawahi kuwa na mtu mwingine. Fundi aliyatazama, na kama kawaida yake akasahau alichotaka kusema.

"Nakuamini," alisema. "Vua hiyo suruali nimalizie pindo."

*

Kikundi kile kiliishi kwa kuigiza amani. Mkurugenzi wake, aliyeitwa Kipaza kwa sababu koo lake halikuhitaji msaada wa umeme, alikuwa amegundua kwamba vita vikiandikwa kwa ufupi na kusomwa kwa sauti ya chini, wageni wenye vitambulisho shingoni hulia, na wageni wakilia, kikundi huendelea. Mchana ule alikuwa ameandaa usomaji wa tamthilia fupi za migogoro. Katika usomaji hakuna maleba, hakuna mapambo, hakuna anayetembea. Waigizaji huketi mstari mmoja, karatasi mbele yao kwenye stendi, na yanayotakiwa kuonekana husomwa. Akiandikwa mtu anapiga, hapigi. Inasomwa kwamba amepiga. Wakiandikwa wawili wanakumbatiana, hukaa kila mmoja kwenye kiti chake wakitazama mbele, na sauti ya mtu wa tatu huwakumbatisha.

Sauti hiyo ilikuwa ya Fundi. Kwa kuwa siku za usomaji hapakuwa na cha kushona, Kipaza alimpa kiti cha pembeni na kazi ya kusoma maelekezo.

"Sauti yako haina makuu," alimwambia siku ya kwanza. "Soma kilichoandikwa, usiongeze, usipunguze. Na kimya ni mali yako. Ukitamka 'Kimya', hata mgeni wa heshima asikohoe. Hakuna anayefungua mdomo mpaka usome elekezo linalofuata. Mwigizaji atakayekivunja kimya chako, namfukuza."

Hakufukuzwa mtu. Walikizoea kimya kile kiasi kwamba hata jikoni, wakigombania sukari, Fundi akisema "Kimya", midomo ilifungwa yenyewe, naye aliiweka sukari kwenye kikombe chake taratibu huku wenzake wakimkodolea macho. Mwandishi, ambaye alianza kuigiza akiwa mvulana, ndiye aliyeshindwa kabisa kujitawala. Mara moja Fundi alimnyamazisha katikati ya chafya.

Walipokuwa wakipanda jukwaani, Mwandishi alimpenyezea karatasi moja mpya.

"Nimebadili mwisho kidogo. Weka badala ya ule ukurasa wa zamani."

"Mwisho? Ule wa kiti?"

"Kidogo tu. Utaona."

Hakuwa na nafasi ya kuona. Kipaza alikuwa amekwisha kuanza kuwakaribisha watu, na ukuta wa nyuma ulitetemeka.

Tamthilia ya kwanza ilikuwa ya askari wawili waliogombania kopo la maji. Ilikwisha kwa kopo kumwagika, kama kila mtu alivyotarajia tangu kopo lilipotajwa. Ya pili ilikuwa ya shimo, na watu ndani ya shimo, na mmoja wao alikuwa kipofu aliyeona mbali kuliko wenzake. Watazamaji walitikisa vichwa kwa uchungu uliopimwa vizuri. Mwanamama mmoja wa safu ya mbele alikuwa na leso tayari mapajani, imekunjwa, tangu kabla ya salamu.

Kisha ikaja ya Mwandishi.

Fundi aliijua kwa moyo. Kijana wa upande mmoja wa mji anampenda binti wa upande wa pili, binti anayeongea na pini kati ya midomo, na kijana hajui kama anaambiwa ndiyo au hapana. Mama wa kijana hataki kusikia. Mwishoni binti anakuja mwenyewe mlangoni. Mama anafungua, anamtazama kwa muda mrefu, kisha bila neno anamvutia kiti. Ndiyo yote. Fundi alikipenda kiti kile. Kila waliporudia mazoezini, alilisoma elekezo lile taratibu, "Mama anavuta kiti", na aliisikia miguu ya kiti ikikwaruza sakafu, ingawa hakuna kiti kilichosogea.

Alifunua ukurasa mpya, akasoma.

"Binti anafika mlangoni. Anainua mkono abishe hodi." Jicho lake lilitangulia mstari uliofuata. Sauti haikubadilika, kwa sababu sauti yake haikuwa na makuu. "Mlio wa risasi. Binti anaanguka kizingitini. Pini zinamwagika sakafuni. Mama anatoka, anampakata."

Mwigizaji mtu mzima aliyesoma sehemu ya mama alivuta pumzi. "Ewe mwanangu nisiyekujua! Laiti ungewahi kidogo! Ningekupa kiti, ningekupa nyumba, ningekupa mwanangu!"

"Kimya," alisoma Fundi.

Ukumbi mzima uliganda. Katika kimya hicho, kutoka safu ya pili, kilisikika kilio kidogo cha kweli, cha mtu anayejizuia na kushindwa. Fundi aliinua macho. Mama yake Mwandishi alikuwa ameufunika mdomo kwa mtandio, mabega yanamruka. Fundi akatambua, polepole, kama mtu anayeupapasa mpasuko kwenye kitambaa alichokwisha kukilipia, nini kilichofanyika. Msichana aliye hai angehitaji kiti. Aliyekufa anahitaji machozi tu, na machozi hayachukui nafasi sebuleni.

"Taa zinazimika," alisoma. "Mwisho."

Taa hazikuzimika. Watu walipiga makofi wakiwa wamesimama.

*

Wakati wa maswali, bwana mmoja mwenye ndevu zilizochongwa alisema kwamba kifo kile kilikuwa cha lazima kisanaa. Yule mwanamama wa leso aliuliza kama binti angeweza kufa mapema kidogo, ili ubaki muda wa majadiliano. Kipaza aliwashukuru wote kwa sauti ya kusikika barabarani.

Kisha mama alisimama.

"Mimi sina elimu ya michezo," alisema. "Mimi ni mama wa huyu kijana aliyeandika."

Makofi.

"Nataka niseme moja tu. Ningekuwa mimi yule mama, yule mtoto ningempokea. Haki ya Mungu, ningempokea. Mtoto wa watu hana kosa."

Makofi yakawa makubwa zaidi. Bwana wa ndevu aliandika kitu. Kipaza alimgeukia Mwandishi, meno yote nje.

"Hapo sasa! Mwandishi, watu wanataka kujua. Huyu binti yupo? Umemtoa wapi?"

Fundi aliweka mikono mapajani na kuunyoosha mgongo. Mlango ulikuwa wazi, mama mwenyewe ameufungua, na mbele za watu, kama ilivyoahidiwa. Mwandishi alimgeukia. Yalikuwa macho yaleyale ya chumba cha maleba, yamelegea pembeni, yamejaa yeye, na kwa muda wa pumzi moja Fundi alimsamehe risasi, na mapazia, na chai ya kusimama jikoni.

Kisha macho yale yakashuka, yakatua kwenye viatu.

"Hayupo," alisema Mwandishi. "Ni wa kubuni. Huyu binti ni... ni sisi sote."

"Ni sisi sote!" Kipaza alinguruma kwa furaha.

Fundi alikivuta kipaza sauti chake.

"Mwandishi anatazama viatu vyake," alisoma kwa sauti ileile ya maelekezo, ingawa mbele yake hapakuwa na karatasi.

Watu walicheka, wakidhani ni sehemu ya onyesho.

"Pindo la suruali limeshonwa vizuri. Kilicho juu ya pindo hakikushonwa na fundi yuleyule, kwa hiyo fundi asilaumiwe." Kicheko kikaongezeka. "Msomaji anainuka. Anashuka ngazi. Anakwenda safu ya pili."

Akakiacha kipaza sauti, akafanya alichosoma. Hapo waigizaji walianza kutazamana, maana katika usomaji hakuna anayetembea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba! Kumbe Fundi!" Mama alimshika mkono, macho bado yana maji. "Ni wewe uliyekuwa unasoma? Sauti nzuri, mwanangu. Na mapazia hayajafifia hata kidogo, kila anayekuja anayauliza."

"Nashukuru, mama. Mimi ndiye marehemu."

"Ndiye nani?"

"Yule uliyesema ungempokea. Sijafa. Nilikuja kwako nikiwa mzima, nikapimishwa madirisha."

Mama alicheka kidogo, kisha akaacha. Aliutazama ukosi wa Fundi, mahali ambapo pini huchomekwa na kusahaulika, akaziona. Mkono wake ulitoka polepole katika mkono wa Fundi.

"Wewe ni wa wapi?"

"Ng'ambo ya reli."

Mama aliugeuza uso jukwaani. Hakupaza sauti, lakini waliokuwa karibu walinyamaza.

"Eti, baba? Ni kweli?"

Mwandishi alifika ukingoni mwa jukwaa akaishia hapo. "Mama," alisema, "tutaongea nyumbani."

"Nimekuuliza ni kweli?"

"Mama, tafadhali. Watu."

"Mapazia," alisema mama. Alilitamka neno hilo kama mtu anayetema kokwa. Akachukua mkoba wake, akajitanda vizuri, akatoka bila kumtazama mtu, na Kipaza, kwa kuwa jambo fulani lilipaswa kusemwa, akawakaribisha wageni kwenye vitafunio.

*

Alimkuta Fundi kwenye chumba cha maleba, anakusanya mkasi, chaki na tepu yake.

"Umenidhalilisha," alisema Mwandishi kutoka mlangoni.

"Mimi? Nimekusoma tu."

"Ungeningoja. Nilikuwa natafuta maneno."

"Wewe?" Fundi aliviringa tepu kwenye vidole. "Wewe wa kutafuta maneno? Mimi ulinipatia ya kufia, mazuri kabisa, hata pini hukuzisahau. Kwa nini uliniua?"

"Si wewe. Ni mhusika."

"Ana pini mdomoni."

Mwandishi alikaa juu ya sanduku la kofia, akashika kichwa. "Kipaza alisema kiti hakimlizi mtu. Na mama, nilidhani... nilidhani akikulilia kwanza, atakupenda baadaye. Nilidhani itakuwa rahisi."

"Anililie nikiwa mfu, ili anizoee nikiwa hai."

"Ukilisema hivyo linasikika baya."

"Lisemwe vipi? Wewe ndiye mwandishi."

Alitaka kucheka; aliizuia midomo. Mwandishi aliliona hilo, akainuka haraka kama aliyeonyeshwa upenyo, akamshika mabega. Viganja vyake vilikuwa na joto, na mwili wa Fundi, ambao haukuhudhuria kikao cha maswali, uliinama mbele kidogo kumfuata.

"Nitaandika upya," alinong'ona. "Nitakirudisha kiti. Leo hiihii."

"Hukuombwa kuandika. Uliombwa kusema." Alijitoa mikononi mwake. "Mama yako hajaondoka. Nimemwona dirishani, amekaa getini anangoja teksi. Twende sasa. Sitaki hotuba wala sitaki akubali. Mwambie tu, mama, huyu ndiye. Akinitukana, atakuwa ananitukana mimi, si fundi wa mapazia. Twende."

Mwandishi alitazama mlango. Ulikuwa mlango wa kawaida, wa mbao, nusu wazi.

"Sasa hivi?" alisema. "Amekasirika, mpenzi. Na presha yake unaijua. Tuache hasira ipoe, wiki hii ipite, halafu mimi mwenyewe..."

Fundi alimtazama kwa utulivu wa anayekagua nguo iliyokatwa vibaya. Hakumwonea hasira, hasira angejua la kuifanyia. Alimdharau. Na kilichomuuma ni kwamba dharau ile iliingia na kulikuta penzi bado limekaa, na hakuna kati ya viwili hivyo kilichompisha mwenzake. Vilikaa chumba kimoja kama wapangaji wasiosalimiana.

"Nisikilize," alisema Mwandishi, amekwisha kuinua mkono kwa namna aliyowafundisha waigizaji wake. "Mimi na wewe tunajua..."

"Kimya," alisema Fundi, kwa sauti ya kusomea.

Mdomo wa Mwandishi ulifungwa. Mkono ukabaki hewani. Macho yale mazuri, ya mtu wa jukwaa tangu utotoni, yakamtazama yakingoja elekezo linalofuata.

Fundi aliuchukua mkoba wake akatoka.

Getini kulikuwa na benchi la mlinzi, na mlinzi mwenyewe hayupo. Mama alikuwa ameketi katikati yake, mkoba pembeni, uso kauelekeza barabarani. Fundi alisimama hatua chache kando, naye akatazama barabara. Magari yakapita. Hakuna lililosimama.

"Unasimama juu ya kichwa changu kama mnara," mama alisema hatimaye, bila kugeuka. Aliuvuta mkoba, akaupakata. "Kaa."

Fundi akakaa. Benchi lilikwaruza sakafu ya saruji.

"Usifikiri nakupenda."

"Sifikiri, mama."

"Angekuleta kwa jina lako, ningekufukuza. Nisikudanganye. Ya ukumbini yalikuwa machozi ya mchezo." Akayafuta mabaki yake kwa ukingo wa mtandio, kwa hasira. "Lakini ningekufukuza kwa jina lako. Si kukupitisha madirishani kama mwizi. Ninyi watu wa ng'ambo mnashona vizuri. Ni hilo tu."

"Mdogo wako alikuwa anakwenda kununua mkate," alisema Fundi. "Najua. Wiki ile ndiyo waliyochoma duka la baba."

Mama aligeuka, kwa mara ya kwanza, akamtazama kwa muda mrefu. Hakusema pole. Aliusogeza tu mguu wake, ili wa Fundi upate nafasi kivulini.

"Na huyo," aliuliza baadaye, akiashiria jengo kwa kidevu, "bado yumo ndani?"

"Yumo."

"Anafanya nini?"

"Amenyamaza."

Mama alifyonza, mfyonzo mrefu uliomgeuza mpita njia.

"Hilo analiweza," alisema.